Shahidi wa Nyuma ya Pazia

Mama alishika mkanda wa gari kwa mikono miwili, akagoma kushuka. Alisema miguu inamuuma, jua kali, na majengo ya zamani yana vumbi baya kwa kifua. Bintiye akamfungua mkanda, akamshika mkono. Kizee wa miaka themanini atashindana na nani?

Mji wenyewe mdogo; ukipiga chafya sokoni, stendi wanakuambia pole. Vivutio vyake ni vitatu tu: mnara wa saa iliyokufa, gereza la mawe, na mahakama kongwe, ambayo wiki ile ilifunguliwa kuwa makumbusho. Humo ndimo baba yake binti alimohukumiwa kwa mauaji, akaenda kunyongwa gerezani, mtaa wa pili tu. Binti alikuwa bado hajaota jino.

Mtunza makumbusho, mcheshi asiyejua kunyamaza, aliwaonyesha kizimba na kiti cha hakimu, kisha akasimama kwenye pazia jeusi. Nyuma yake, alieleza, ndipo alipokaa shahidi pekee wa kesi ile. Watu walimsikia bila kumwona, na jina lake likafichwa mpaka leo.

Mama aliomba maji. Akaletewa, hakunywa.

"Yaliyopita si ndwele, mwanangu," alisema. "Turudi nyumbani."

"Kwako si ndwele. Mimi ndiye niliyeitwa mtoto wa muuaji shule nzima."

Na kweli alimchukia shahidi yule kwa moyo wake wote. Alijiapiza tangu utotoni: akimjua, hata kama amekufa, atawaendea watoto wake awaambie mbele za watu wao ni damu ya nani.

Jalada la kesi liliruhusiwa kusomwa na jamaa. Binti akasaini, akakaa, akafunua. Lahaula! Kila palipokuwa na jina la shahidi pamepakwa wino mweusi. Kurasa arobaini, wino mtupu. Machozi ya hasira yakamlengalenga.

Mtunza akamwonea huruma. Akamwambia kwamba karani wa enzi hizo aliandika kila kitu, hata hakimu akikohoa. Aliamriwa afute jina, akalifuta. Habari za mapumziko hakuna aliyemkataza. Ajaribu kusoma pembeni, palipoandikwa kwa penseli.

Mama alikuwa ameshaanza kuelekea mlangoni, akipapasa ukuta. Binti akamwomba asubiri kidogo tu, maana hili walisikie wote wawili. Akavaa miwani, akasogeza ukurasa dirishani, akasoma kwa sauti:

"Saa tano na robo. Kikao kimesimama dakika ishirini, shahidi anyonyeshe. Mshtakiwa ameomba ambebe mwanawe kidogo. Ameruhusiwa."