Mwendo wa Kuazima

Siku hizi mnyama aliyeumia uti wa mgongo huazimwa mwendo na anayemfuga. Diski ya mgongoni ilipomchomoka mbwa wake Pambo na kumpooza miguu ya nyuma, Atupele hakusita. Kila asubuhi alijifunga kiunoni mkanda wa mishipa ya fahamu, wa kupeleka amri za miguu yake kwa mbwa, akamfunga Pambo mwingine, kisha akakaa kitini, miguu yake ikifa ganzi ili ya mbwa ijifunze. Akishaivua mikanda na miguu yake kumrudia, alimkanda mbwa misuli na kumtembeza uani, kiuno chake amekiinua kwa khanga.

Jumapili moja, mikanda ikiwa imekwisha kuvuliwa, Pambo alisimama peke yake. Akayumba, akavuka ua wote mpaka langoni.

“Baba Lusajo, njoo uone!” Atupele alimwita mumewe. “Mwanangu anatembea!”

Mumewe alitoka akipiga makofi. Majirani nao wakashangilia. Atupele alijiona mama wa bingwa.

“Sasa Mama Lusajo, mbona umekaa tu?” mumewe akamwuliza. “Nenda ukamkumbatie!”

“Naenda,” alisema, bado akitabasamu.

Akaiambia miguu yake inyanyuke. Haikutikisika. Kule langoni, Pambo aliyekuwa ametulia akapiga hatua papo hapo.