Kona ya Tatu

Mwezi wa tatu huo mama mkwe wa kinyozi alikuwa akila sahani ikiwa magotini, kwa sababu meza ya chakula ilikuwa imeshikwa na gari lenye urefu wa mkono.

"Na hilo dudu lako likishindwa tena Jumamosi?" aliuliza.

"Meza mnarudishiwa, gari naligawa," kinyozi alijibu. Alikuwa ameshamwahidi mkewe, na ahadi hiyo ilimkosesha raha, maana gari lile la rimoti alilipenda kupita kiasi.

Tatizo lilikuwa kona ya tatu ya uwanja wa mashindano. Kila likifika pale, gari liliteleza nyuma na kugeukia lilikotoka. Akalaza matairi ya mbele kwa ndani, kidogo tu. Akalainisha springi za nyuma, akashusha bodi mpaka kidole kisipite chini yake. Akabadilisha gia ya mota ili lisikose mbio penye njia iliyonyooka.

Bado kuna mambo yalimchanganya. Matairi mapya yaliisha upesi kama sabuni. Betri ya gari aliyoiacha imejaa asubuhi, akirudi kutoka saluni aliikuta hoi. Rimoti ya akiba nayo ilikuwa imepotea, na hakuna aliyejua ilikokwenda.

"Wamekuuzia vibovu," mama mkwe alimwambia, macho kwenye ufumaji wake. "Na wewe, baba, kwenye kona unachelewa kupunguza mwendo."

"Mama nawe, hayo umeyajulia wapi?"

"Si nina macho?"

Jumamosi asubuhi alifungasha vifaa mbiombio. Saa ya ukutani, iliyokuwa imelala wiki nzima, ilikuwa inatembea, ikamwonyesha kuwa amechelewa. Mkewe alikuwa ameshakwenda kazini. Mama mkwe alijialika mwenyewe, akabeba mfuko wake wa nyuzi, na walipofika uwanjani akaweka kiti karibu na kona ya tatu.

"Huku kuna upepo," alisema, mikono tayari imo mfukoni.

Jua lilikuwa kali kiasi kwamba hata taa ya rimoti haikuonekana. Bendera ikashuka, kinyozi akabonyeza, magari yakaondoka. Kona ya kwanza, ya pili. Kwenye ya tatu akachelewa kupunguza mwendo kama kawaida yake.

Gari halikuchelewa. Lilijikunja vizuri, likashika lami, likawapita wawili. Mizunguko mitano, na kila kona ikawa hivyohivyo. Ni zile springi, alijisemea, akitabasamu peke yake. Zile springi zimefanya kazi.

Alipokabidhiwa kikombe alicheka mpaka machozi yakamtoka. Akatoa simu ampigie mkewe, akakuta ujumbe wake wa tangu asubuhi.

"Betri za rimoti yako nimezitia kwenye saa ya ukutani. Usisahau kununua nyingine kabla hamjaanza."

Kule kwenye kona ya tatu, mama mkwe alikuwa akihangaika kuirudisha antena ndani ya mfuko wa nyuzi.