Posa ya Silvanus Chini ya Hadubini

"Panua mdomo, mwanangu," alisema Mwalimu Evarista, na Silvanus akaupanua kama ndama anayenyweshwa dawa ya minyoo.

Mwalimu akamkwangua shavu kwa ndani kwa njiti, akapaka ule ute kwenye kioo, akadondoshea iodini. Tangu mvua za El Nino zipite, nyumba ile ya Mbulumbulu haikukubali posa kabla seli za mposaji hazijapita kwenye hadubini. Wengi walishapimwa, wakarudi Karatu mjini wamenuna. Na Silvanus bila Anneth, binti wa Mwalimu, heri asingezaliwa.

Mjomba Thomasi, mshenga wake, aliikodolea macho meza tupu. Tangu wafike walikaribishwa maji tu. Anneth mwenyewe hakuja hata kusalimia. Alisimama bustanini miguu peku, uso kauelekeza juani.

"Naona kuta," Mwalimu akasema, sauti imelainika. "Kuta nene, zimepangana kama matofali. Mwanangu, hizi ni seli za mmea."

Jasho likamtoka Silvanus.

"Nilikwambia uache kutafuna vitunguu vibichi kwenye lori," Mjomba akanong'ona. "Haya, sasa umekuwa mgomba."

"Mama, hicho ni kitunguu cha Mang'ola tu. Nikisukutua utaona. Nipime tena."

"Ya nini, mwanangu? Mimi nimesharidhika."

Silvanus akaona anasutwa. Akatoka mbio, akasukutua mpaka ndoo ikakauka, meno akayasugua kwa majivu, akarudi kuketi mdomo wazi.

Safari hii Mwalimu aliinamia hadubini kitambo kirefu. "Hakuna ukuta," akasema polepole. "Utando mwembamba tu, na kiini katikati. Hii ni seli ya mnyama."

"Si nilisema?" Mjomba akajipiga paja. "Mnyama huyu, tena halisi. Ukoo wetu hauna hata kichaka. Sasa tuongee mahari."

Mwalimu akaifunika hadubini kwa kitambaa. Machozi yalimlengalenga. Akasogea dirishani.

"Anneth, ingia ndani, mama. Huyu naye si mwenzetu."

Kule bustanini Anneth akashusha pumzi. Akang'oa mguu wa kushoto, akang'oa wa kulia, akakung'uta udongo kwenye mizizi.