Nani Anasema

Chupa za insulini zilikuwa zimefichwa kwenye friji, nyuma ya jagi la maji, na hata moja haikuwa imetobolewa.

Bi Salio alizitoa moja moja, akazigeuza kwenye mwanga. Mwezi mzima mama yake alikuwa akimwambia kwenye simu, "Nimeshachoma sindano, mwanangu, usiwe na wasiwasi." Sasa mama alikuwa wodini, ametundikiwa dripu, anahema kama mtu aliyepanda mlima, na pumzi yake inanuka matunda yaliyooza.

"Sindano ameacha, hilo naliona," daktari alikuwa amesema. "Lakini figo zimeguswa na kitu kingine. Amekunywa nini? Nileteeni jina lake upesi. Bila hivyo tunapapasa gizani."

Bi Salio alipekua kabati, uvunguni, ndoo ya taka. Hakuna kopo wala pakiti. Kilichobaki ni simu ya mama juu ya mto, kioo kimepasuka pembeni. Akaitia kwenye mkoba, akakimbia kurudi hospitali huku midomo ikichezacheza. Ee Mungu, nionyeshe aliyemdanganya mama yangu. Nionyeshe tu, mengine nitayabeba.

Mdogo wake, fundi baiskeli, alikuwa kwenye benchi nje ya wodi, grisi bado imejaa kwenye kucha.

"Umepata, dada?"

"Kama lipo, limo humu."

Wakainamia simu pamoja. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa hospitali fulani. Jina la daktari lilikuwapo, tarehe ilikuwapo, na hapakuwa na kitu cha kuuza. Ulieleza namna ya kupima sukari na kukagua nyayo kila siku.

"Huu ni mzuri," alisema Bi Salio. "Si huu."

Wa pili ulikuwa wa zamani mno. Wa tatu ulijaa maandishi mekundu na picha za watu waliopona, wote wanacheka, wote meno meupe.

"Hawa hata jino haliwaumi," fundi alisema.

Hakucheka mtu. Mlango wa wodi ulifunguka, wakasikia mama anavyohema, ukajifunga tena.

"Lete nishike mimi," fundi alisema, kisha akajilazimisha kutabasamu. "Na usije ukaniambia salio langu halitoshi."

Jina lenyewe, Bi Salio, lilitokana na hilo. Sauti yake ndiyo iliyowajibu watu simuni wakiishiwa salio, na kazi yake ilikuwa kusoma chochote alichowekewa mbele ya kipaza sauti.

"Acha utani wako."

"Ningeacha, ila nikinyamaza nitalia. Heri ya siku zile ulizokuwa ukirudi koo limekauka kwa kuisomea mashine maneno ya kichaa, eti ijifunze kusema kwa sauti yako. Fungua dirisha. Kunywa asubuhi. Mvua imeacha. Mama alicheka mpaka akakohoa."

Bi Salio hakumsikia. Alikuwa amefika ukurasa wa nne, na ule nao haukutaja dawa yoyote.

Nesi wa kliniki ya sukari alitoka wodini akifuta mikono. Akatazama wanachofanya, akatikisa kichwa.

"Mnasoma? Mama yenu hasomi tena. Sukari imemtia ukungu machoni. Siku hizi anasikiliza tu."

Bi Salio aliinua uso. "Hakuniambia."

"Hakutaka uache kazi uje kumwongoza njia. Nami kinachoniuma ni kwamba kila kliniki nawaambia, ukipata jambo la sukari kwenye simu, uliza kwanza nani anasema, na anauza nini. Mama yenu ndiye alikuwa akiwakumbusha wenzake! Mtu wa namna hiyo anadanganywaje?"

Wakaingia ndani. Bi Salio alipiga magoti kando ya kitanda, akaushika mkono uliokauka.

"Mama. Nani alikuambia uache sindano?"

Macho yalifunguka kidogo, yakamtafuta, yakamkosa. Lakini aliposikia sauti, mama alitabasamu.

"Niliuliza," alisema kwa shida. "Kama nesi alivyotufundisha. Nani anasema."

"Na ni nani, mama?"

"Unanitania, mwanangu."

"Sitanii! Nitajie huyo mtu, mama, nakuomba. Humjui. Ni mwongo tu wa mtandaoni!"

Mama alikunja uso kama mtu aliyetukaniwa mtoto wake. "Usimseme hivyo," alinong'ona, kisha akafumba macho.

"Amechanganyikiwa," Bi Salio alisema, machozi yanamdondoka kwenye shuka. "Hanijui tena. Ee Baba, usimchukue bado."

"Dada," fundi aliita. Alikuwa ameacha kurasa, anatafuta kwenye rekodi za sauti. "Iko moja hapa. Ameirudia, ameirudia, kila siku."

"Fungua!"

Akabonyeza, akaiinua simu wote wasikie. Ikatoka sauti ya mwanamke, tulivu, isiyo na haraka, kila neno limenyooka kama shuka iliyopigwa pasi.

"Mpendwa, mateso yako yamefika mwisho. Acha sindano. Kunywa Unga wa Mizizi Saba kila asubuhi, na usimwambie mtu mpaka utakapopona."

"Mizizi Saba!" nesi alisema, na tayari alikuwa anakimbia kumwita daktari.

Fundi hakuitazama simu. Aliutazama mdomo wa dada yake. Ulikuwa umefumbwa, na sauti ile ilikuwa yake.