Wiski ya Baba Skola

Hivi, umewahi kupenda kitu, halafu ulimi wako wenyewe ukakikataa? Ndivyo yalivyomkuta mzee Anselimu. Tangu atoke hospitali, wiski aliiona kama mafuta ya taa. Na bila ile wiski yake ya jioni, alikuwa akila upesi na kwenda kulala. Mkewe akabaki barazani peke yake, hana wa kuzungumza naye.

Jumapili moja mama huyo akaifuta chupa vumbi, akapima kizibo kimoja, akakimimina kwenye bilauri na kutia maji ya uvuguvugu kuipunguza ukali.

"Onja, Baba Skola."

"Unataka kunirudisha wodini, mwanamke?"

"Onja kwanza, utagomba baadaye."

Mzee akaonja. Akafumba macho, akaizungusha mdomoni polepole.

"Ehee! Ladha yake ya moshi ni ile ile! Na utamu unafuata nyuma!"

Akavuta kiti, akaanza kusimulia jinsi mbuzi wa jirani alivyotafuna kofia ya katekista. Mkewe akacheka mpaka kitenge kikamlegea. Kisha akaweka kikombe chake kitupu mezani.

"Nikuletee chai?" mzee akauliza.

"Chai nimekunywa miaka yote nikikutazama. Leo nimiminie na mimi."