Ndege wa Serikali

Geti la ua lililia kwiii, lakini hakuna aliyeingia.

"Tere, mwanangu, litie mafuta hilo geti," Papa Tungane, mzee jirani, alinong'ona. "Litaamsha mpaka waliolala makaburini."

"Nimelitia juzi, Papa. Hebu nyamaza kidogo."

Walikuwa wamechutama nyuma ya migomba tangu alfajiri, Tereapii na bunduki yake, mzee na maneno yake. Ilikuwa Jumamosi. Kesho yake kisiwani hairuhusiwi hata kupasua kuni, sembuse kufyatua risasi, na Jumatatu boti ingeleta jike la kerearako, ndege mdogo mwimbaji wa visiwa vyao, kutoka kisiwa cha pili. Dume alikuwa amebaki mmoja tu. Kwa miaka miwili hakuna aliyemtia machoni, ila kila asubuhi aliimba kwenye mshelisheli nyuma ya nyumba yao, wimbo uleule, haongezi wala hapunguzi.

Adui yake alikuwa ndege wa serikali. Wazee walimpa jina hilo kwa sababu serikali ndiyo iliyomleta zamani, eti ale wadudu wa mashambani. Wadudu wapo mpaka leo. Mayai ya kerearako ndiyo yaliyokwisha. Miaka mitatu Tereapii aliwapiga risasi mpaka bega likafa ganzi, na siku nyingi alijiona kama mtu anayechota bahari kwa kikombe. Sasa alikuwa amebaki mmoja, mjanja kuliko wote. Asipokufa leo, huyo jike anakuja kuliwa mayai tu.

Barazani mama yake, Mama Ngapoko, alikuwa ameshaketi. Macho yalimwacha siku nyingi. Wimbo ule ndio uliomtoa kitandani.

"Huyo, ameanza! Msikilizeni ndege wangu!"

Wimbo ulishuka kutoka juu ya mshelisheli. Tereapii alimpenda ndege yule ambaye hajapata kumwona, na aliogopa kumpoteza.

Ndipo majani yakatikisika, akaona mdomo wa manjano na miguu ya manjano, kwenye tawi lilelile ulikotoka wimbo.

"Kamfikia!" Papa Tungane alimfinya mkono. "Piga, mwanangu, atammaliza!"

Akapiga.

Ndege wa serikali alianguka kwenye majani makavu. Juu kukawa kimya.

"Mmemshtua na makelele yenu," Mama Ngapoko alilalamika. "Ngojeni, ataendelea."

Walingoja. Mzee alikodolea macho matawi mpaka shingo ikamuuma. Tereapii aliinama, akamwokota yule aliyeanguka. Alikuwa bado anahema kiganjani mwake.

Ndege alifungua mdomo wake wa manjano, akaimba kipande cha wimbo kilichokuwa kimebaki, taratibu, mpaka mwisho. Kisha akalia kwiii, akalegea.

"Si niliwaambia?" Mama Ngapoko alicheka kule barazani. "Yuko salama."