Pale Mfereji Ulipokuwa

"Mwambie huyo mzee asogee. Amesimama ndani ya mfereji wangu."

Mpima ardhi alitazama chini. Hapakuwa na mfereji wowote. Palikuwa na udongo mweusi uliosawazishwa na matingatinga, mtupu kabisa, kuanzia miguuni pake hadi ukingoni mwa bonde.

"Na wewe mwambie huyo mama," mzee alijibu bila kugeuka, "mfereji wake haukupita hapa. Ulipita kule mbele, ukazunguka mpera."

"Mpera upi? Muulize, ule uliokufa kabla hajaota ndevu?"

Mjane na mzee huyu walikuwa mtu na shemejiye. Mashamba yao yalipakana, lakini hawakuwa wamesemeshana ana kwa ana tangu mbuzi wa mmoja ale kunde za mwingine. Kila neno lilipitia kwa mtu wa tatu, na siku hizi mtu huyo alikuwa mpima. Mzee kila mtu alimwita Sikubali, hata mkewe.

Mgodi ulikuwa umelifukua bonde lote, ukachukua ulichokitaka, na sasa ulikuwa ukirudisha mashamba kama yalivyokuwa: mawe chini, udongo mzuri juu, maji mahali pake. Taabu ni kwamba ramani za zamani zilionyesha mfereji mkuu peke yake. Mifereji midogo ilibaki vichwani mwa wenyewe. Ndipo ikawekwa kanuni: mwenye shamba aonyeshe, jirani athibitishe. Wakikubaliana, mfereji unachimbwa.

Shamba la mjane ndilo lililobaki. Siku atakaposema mbele ya watu "ndilo lenyewe," mpima angefunga virago arudi kwake. Asiposema, ni msimu mwingine huku, na tayari mwanawe alikuwa ameanza kumwita "anko" kwenye simu. Hilo lilimuuma kuliko jua la bondeni.

Mchana mjane alimkaribisha jikoni kwake, juu kidogo ya shamba, akampa maji ya kunywa. Ndoo zilijaa ukutani, kubwa kwa ndogo, na kwenye msumari zilining'inia ngata kuukuu za kubebea mizigo kichwani.

"Ndoo zote hizi za nini, mama?"

"Za kufulia, mwanangu. Marehemu alipenda usafi."

Dereva wa tingatinga naye alikuwa na swali lake. Alizima mtambo, akajikuna kisogo. "Bosi, huku ni mlimani, juu kuliko mfereji mkuu. Maji yalipandaje?"

"Marehemu mume wangu aliyabembeleza," alisema mjane.

"Mwambie asimvike marehemu sifa za bure," Sikubali alidakia. "Kaka yangu alikuwa mvivu wa kutupwa. Ila kwa maji, haki yake tumpe."

Mpima alitulia. Watu wasioafikiana hata jua linachomozea wapi, wakiafikiana kwamba mfereji ulikuwepo, basi ulikuwepo. Kilichobaki ni kona tu, pale ulipopinda. Na kona waliigombania vilivyo: ilianzia wapi, ilikuwa na mawe au haikuwa nayo, nani aliwahi kuteleza hapo akavunja chungu. Sikubali akakumbuka pia kwamba mfereji ulivuka mpaka ukaingia kwake.

"Mwambie aache uroho!" mjane alifoka. Kisha akashusha pumzi. "Lakini kweli ni kweli. Masalia ya maji yalikwenda kwake."

Basi wakachimba. Lango la mfereji mkuu likahamishiwa juu zaidi, tuta likajengwa, mawe yakapangwa kwenye kona, yakapanguliwa, yakapangwa tena. Meneja wa mgodi alinung'unika kwamba shamba hili linamchosha kuliko yote. Mpima alimjibu kwamba haki ya mtu ni haki ya mtu, na aliamini alichosema.

Siku ya kufungua lango, maji yalikuja taratibu, ya kahawia, yakisukuma majani makavu mbele yake. Yakafika kwenye kona, yakasita, yakapinda, yakaingia shambani. Mjane aliketi chini akajifunika uso kwa khanga, akalia waziwazi.

"Ndilo lenyewe," alisema.

"Mwambie nami nakubali," alisema Sikubali, na watu wakageuka kumtazama, maana neno hilo hawakuwahi kulisikia kinywani mwake.

Mpima alipiga simu nyumbani palepale. "Mwambie baba anakuja. Baba, siyo anko." Akapakia vifaa vyake garini, akaondoka akipiga mluzi.

Hakufika mbali. Alikuwa amesahau kofia. Akaegesha gari barabarani, akarudi kwa miguu akipita nyuma ya tuta, na hapo akaiona kofia yake, iko kichwani mwa mjane. Alikuwa ameketi ukingoni mwa mfereji na shemejiye, bega kwa bega, miguu yao majini, wanagawana karanga.

"Shemeji," Sikubali alikuwa akimwambia, "babu alikufa akiapa kwamba maji hayatapanda huku hata siku moja. Nasi tukazeeka na ndoo kichwani."

"Babu hakuwa na tingatinga," mjane alijibu, akimjazia karanga kiganjani. "Wala hakuwa na shemeji anayejua kugombana."